Mizani na Kura: Umoja wa Mataifa na Mazoea ya Uchaguzi katika Jimbo la Ziwa, 1946–1965

Neno kura halikuanza na maana ya kuchagua. Limetoka katika Kiarabu, na huko, kama katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa jina la jambo lililoachiwa bahati: vijiti au vipande vilivyotupwa ili ijulikane nani atwae fungu gani, mahali ambapo watu hawakutaka au hawakuweza kuamua wenyewe. Wafasiri wa Biblia walilitumia kwa maana hiyo walipoeleza habari za askari waliogawana mavazi chini ya msalaba. Neno hilo hilo, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, lilikuja kuwa jina la tendo ambalo kwalo mtu mzima hutamka hiari yake juu ya serikali ya nchi yake. Badiliko la namna hiyo haliwezi kuelezwa na sarufi peke yake. Hapana budi historia iulizwe lilitokea wapi, na kwa mkono wa nani.

Majibu mawili hutolewa aghalabu. La kwanza husema kwamba kura ilikuja na mgeni: Mwingereza aliileta mbele ya macho ya Umoja wa Mataifa, na wenyeji wakafundishwa kuitumia. La pili husema kwamba wananchi waliitwaa kwa nguvu ya chama chao, wala mgeni hakuwa na sehemu ila ya kuwazuia. Habari za Mwanza na nchi za kando ya ziwa la Victoria haziafikiani kwa ukamilifu na jibu lolote kati ya hayo mawili. Zinaonyesha kwamba msaada wa mataifa ulikuwa na kazi ya kweli, walakini kazi yenye mipaka: uliwapatia watu mahali pa kusikilizwa, ukaiharakisha tarehe ya uhuru, lakini haukuweza kuwapa mazoea ya kuchagua viongozi na kuwadai hesabu. Mazoea hayo yalipatikana kwingine, penye mizani ya pamba.

Masharti ya udhamini

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Katika mpango ule mtu mwenye dai aliweza kuandika barua tu, na barua yenyewe ilipita mikononi mwa serikali ile ile iliyolalamikiwa. Mkataba mpya wa udhamini, uliokubaliwa na Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 1946, ulikuwa tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, mkaaji wa nchi aliweza kupeleka maombi yake moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini huko New York, na hata kusimama mbele yake na kusema kwa kinywa chake. Pili, Baraza lilituma wajumbe wake kuitembelea nchi na kuitazama kwa macho yao. Ujumbe huo ulikuja katika miaka ya 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Msingi wa yote ulikuwa ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, iliyomtaka mdhamini aiongoze nchi kuelekea kujitawala au kuwa huru.

Hapa yafaa kulitazama neno mjumbe. Katika Kiswahili mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka neno la mwingine. Watu waliokuja kutoka New York waliitwa wajumbe, na watu ambao baadaye walichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria waliitwa wajumbe pia. Neno moja lilitumika kwa aliyetumwa na mataifa kuja kusikiliza na kwa aliyetumwa na wananchi kwenda kusema. Katika hali zote mbili lilibeba swali lile lile ambalo msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulikwepa: ametumwa na nani, naye atarudi kwa nani na majibu?

Kwa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la wakati ule, jibu lilikuwa wazi. Baraza lilianzishwa mwaka 1926, na kwa karibu miaka ishirini halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945: Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Wasukuma, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Walikuwa watu wa heshima na maarifa, lakini walitumwa na Gavana, na kwa Gavana ndiko walikopaswa kurudi.

Wala Baraza la Udhamini halikuwa na uwezo wa kuamuru. Jambo hilo lilidhihirika katika shauri la ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza shauri lao. Alisikilizwa, na wengi walimhurumia, lakini ardhi haikurudishwa. Katika vyama vya Waafrika habari hiyo ilifundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu wa kijijini aweza kufika mbele ya mataifa akasema, na kwamba kusikilizwa ni jambo moja na kupewa haki ni jambo jingine.

Mizani ya pamba

Watu wa kusini mwa ziwa hawakuwa wageni wa kuchagua. Katika Usukuma mtemi hakujitawaza. Wazee walioitwa banang'oma walimchagua miongoni mwa watu wa ukoo wa utemi, wala haikuwa lazima wamtwae mkubwa kwa umri. Vijana wa kijiji nao walikuwa na chama chao cha kazi, na kiongozi wao, nsumba ntale, alitoka katika hiari yao. Si haki kuyapa mambo hayo jina la demokrasia, maana yalikuwa na mipaka ya ukoo, ya umri, na ya mwanamume na mwanamke. Hata hivyo yalikuwa na jambo moja la maana: aliyechaguliwa aliwajua waliomchagua, nao walimwona kila siku.

Utawala wa kigeni uliudhoofisha uhusiano huo. Watemi walifanywa watumishi wa serikali wenye mshahara, na baada ya Vita Kuu ya Pili waliunganishwa katika shirikisho la Usukuma ambalo makao yake yalikuwa Malya. Kwa mkono wa shirikisho hilo serikali ilitekeleza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma: kupunguza mifugo, kulima kwa matuta, kuhifadhi maji na majani. Mengi ya mambo hayo yalikuwa na faida kwa udongo. Lakini yalikuja kama amri, zikaambatana na faini, na mtemi aliyezitangaza hakuweza tena kusema kwamba anasema kwa niaba ya watu wake.

Wakati huo huo pamba ilikuwa ikiongezeka kila mwaka, na pamoja nayo yaliongezeka malalamiko juu ya mizani. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia, akaupandisha kwenye mizani ya mnunuzi, akasomewa uzito na mtu wa mnunuzi, akalipwa kwa hesabu ya mnunuzi. Kama hakujua kusoma tarakimu hakuwa na la kusema. Na kama alijua, hakuwa na wa kumwambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuchanga fedha ili kuwaweka watu wao wenyewe vituoni wahakikishe uzito. Paul Bomani, kijana aliyekuwa mwandishi wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza tangu mwaka 1947, aliyaunganisha makundi hayo. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyama vya msingi kwa mamia, na juu yao mwaka 1955 kikasimama chama kikuu kilichojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 sehemu kubwa mno ya pamba ya jimbo ilikuwa ikipita katika mikono ya vyama hivyo, navyo vilikuwa vimeanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba.

Katika jambo hili pia msaada wa nje ulikuwapo. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwa ya mwaka 1932, nayo ilitungwa kwa kufuata mfano wa nchi nyingine. Maofisa wa serikali walivisajili vyama, wakawafundisha makarani kuandika vitabu vya hesabu. Bomani mwenyewe alipelekwa kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza. Kanuni ya kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na magunia mawili au mia mbili, ilitoka Ulaya. Lakini msaada huo ulikuta chombo ambacho watu walikuwa wamekwisha kukilipia kwa senti zao. Haukuwaundia jambo wasilolitaka. Uliwapa kanuni ya kuendeshea jambo walilolianzisha.

Hapo ndipo kura ilipopata maana mpya. Mkutano wa chama cha msingi ulimchagua mwenyekiti, ukachagua halmashauri, ukasikiliza hesabu za mwaka. Mkulima aliyeinua mkono wake alijua sababu: kama karani wa mizani ni mwizi, hasara itaonekana katika mfuko wa nyumba yake kabla ya mvua za mwaka ujao. Aliyechaguliwa vibaya mwaka huu aliweza kuondolewa mwaka ujao. Hapakuwa na bahati katika jambo hilo. Kura ilikuwa imekwisha kuacha kuwa vijiti vya kutupwa, ikawa hesabu ya kudaiana.

Ujumbe wa mwaka 1954

TANU ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, miongoni mwa waanzilishi walikuwamo watu wa Jimbo la Ziwa, na mmoja wao alikuwa Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mwanasiasa ambaye mwaka 1961 alikuja kutoa kitabu chake Mwito wa Uhuru. Wiki chache baadaye ujumbe wa tatu wa Umoja wa Mataifa uliwasili nchini. Mwenyekiti wake alikuwa John Reid wa New Zealand, na pamoja naye walikuwa wajumbe kutoka Marekani, India na El Salvador. Mmarekani, Mason Sears, alikuwa na hamu kubwa ya kuona tarehe ya uhuru ikitajwa.

Taarifa ya ujumbe huo ilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 1955 ilishtua watu wengi. Wajumbe waliokuwa wengi walisema kwamba Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Mwenyekiti mwenyewe hakukubaliana nao. Serikali ya Gavana Twining iliichukia taarifa hiyo. Msomaji wa leo huenda akaona miaka 25 kuwa mingi, lakini katika nchi ambayo watawala wake walikataa kutaja tarehe yoyote, tarehe ya mbali ilikuwa silaha. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaieleza hoja ya TANU. Fedha za safari zilichangwa na wananchi, kama zile za kuwalipa wahakiki wa mizani.

Lakini huko Mwanza mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa mwaka 1954, baada tu ya ujumbe kuondoka, serikali ilikataa kuyasajili matawi ya TANU katika sehemu kubwa ya jimbo, na katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1958. Kwa miaka minne chama kilichosikilizwa New York hakikuruhusiwa kuitisha mkutano katika nchi ya Wasukuma. Mataifa yalikuwa yamefungua mlango mmoja mbali sana. Mlango wa karibu ulifungwa, nayo hayakuwa na ufunguo wake. Kilichobaki wazi ni vyama vya ushirika. Serikali haikuweza kuvifunga bila kuiharibu biashara ya pamba, ambayo ilikuwa nguzo ya mapato yake. Kwa hiyo watu waliendelea kukutana, kuchagua, kuhesabu na kubishana, ijapokuwa kwa jina la pamba.

Geita na kura tatu

Mwaka 1958 ndio uliopima mambo hayo yote. Sheria ya mwaka 1953 ilikuwa imempa Gavana uwezo wa kuunda mabaraza ya wilaya ambamo Waafrika, Waasia na Wazungu wangeketi pamoja. Wilaya ya Geita, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, ilipewa baraza la namna hiyo. Wenyeji walilikataa. Hawakuwa wamelichagua, wala hawakuona sababu ya wageni wachache kupewa viti katika baraza la kutoza kodi na kupanga kilimo cha watu wengi. Maandamano yalianza, na katikati ya mwaka umati wa watu ulitoka Geita ukaja mpaka Mwanza kulieleza shauri lake kwa Mkuu wa Jimbo. Polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Lakini mpango haukuweza kuendelea. Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliyefika mwaka huo, aliyalegeza makatazo, na siasa ya mabaraza ya mchanganyiko ikaachwa.

Yafaa kuona kwamba watu wa Geita hawakusubiri ujumbe wa New York. Ule wa mwaka 1957, ulioongozwa na Max Dorsinville wa Haiti, ulikuwa umekwisha kupita, na mwingine ulikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu yao kwa mtu aliyekuwa na mamlaka, kama mkulima aendavyo kwa mwenyekiti wa chama chake hesabu zisipokubali.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili: Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Ziwa likawa katika awamu ya pili. Masharti yake yalikuwa magumu. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo maalumu. Walioandikishwa nchini kote walikuwa karibu 60,000 katika watu wasiopungua milioni nane na nusu, yaani chini ya mmoja katika kila mia. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikuwa imeamua kwa shida kushiriki, na uamuzi huo ukathibitika kuwa wa busara: wagombea wake na wale iliowaunga mkono walishinda. Katika Jimbo la Ziwa Bomani aliingia bila kupingwa.

Tofauti kati ya uchaguzi huo na ule wa vyama vya pamba ilikuwa kubwa. Katika chama, mwenye shamba dogo na mwenye shamba kubwa walikuwa sawa. Katika uchaguzi wa nchi, wengi wa wakulima hao hao hawakuwa na haki ya kura hata kidogo.

Haki ya kura na lugha

Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Pato lilipunguzwa mpaka pauni 75, na jambo kubwa zaidi, mtu yeyote mzima aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza alipewa haki ya kuandikishwa. Kwa historia ya Kiswahili tarehe hii ni kubwa kuliko inavyokumbukwa. Kwa mara ya kwanza katika nchi nzima, ujuzi wa lugha ya Kiafrika ulihesabiwa kuwa sawa na mali na elimu ya Kiingereza katika kumfanya mtu kuwa raia mwenye sauti. Walioandikishwa wakapanda kutoka karibu 60,000 mpaka zaidi ya 880,000.

Walakini mlango huo haukufunguka sawa kwa watu wote. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na katika vijiji vya mbali na mji wa Mwanza Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, lugha ya shule, ya karani na ya duka. Waliokijua kwa maandishi walikuwa zaidi wanaume, na zaidi vijana. Mwanamke aliyelima pamba tangu ujana wake, akaijua bei na uzito kuliko karani, lakini kwa Kisukuma tu na bila kalamu, alibaki nje. Sharti lile lile lililomwingiza kijana aliyemaliza darasa la nne lilimwacha mama yake mlangoni. Kizuizi hicho kilikwisha baada ya uhuru: katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 kila raia mtu mzima alikuwa na kura, asome asisome.

Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na katika majimbo 58 hapakuwa na kura zilizopigwa, maana hapakuwa na mpinzani. Ujumbe wa mwisho wa Umoja wa Mataifa ulikuja mwaka huo huo, na mwenyekiti wake sasa alikuwa Mason Sears. Haukuwa na mengi ya kudai. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba baada ya ujumbe uliosema 20 hadi 25.

Mfano wa jirani

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa ilikuwako nchi nyingine ya udhamini, Ruanda-Urundi, chini ya Ubelgiji. Huko Umoja wa Mataifa ulifanya kazi kubwa kuliko katika Tanganyika. Uliunda tume maalumu, ikaongozwa na Dorsinville yule yule, na uchaguzi wa Septemba 1961 ukafanyika chini ya usimamizi wake. Waangalizi walikuwapo na kura zilihesabiwa. Lakini katika Ruanda damu ilikuwa imekwisha kumwagika tangu mwaka 1959, na maelfu walikuwa wamekimbia, wengine wakivuka mpaka kuingia Tanganyika. Katika Burundi mwana wa mfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake kilishinda, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya mwezi kwisha tangu ushindi wake.

Kulinganisha huku hakumaanishi kwamba waangalizi walileta maafa hayo. Chanzo chake kilikuwa katika siasa ya ukoloni ya kuwagawa watu na katika ugomvi ambao sanduku la kura lilikuta umekwisha kuiva. Yanayoonekana ni machache zaidi, nayo ni ya hakika: usimamizi wa mataifa waweza kulinda hesabu ya kura kwa siku moja, lakini hauwezi kuweka katika siku hiyo moja mapatano ambayo hayakujengwa katika miaka iliyotangulia. Katika Jimbo la Ziwa mataifa yalifanya kidogo zaidi, na uchaguzi ulipita kwa amani zaidi.

Jembe na nyumba

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja. Hapakuwa tena na Baraza la Udhamini la kuutazama. Karibu katika kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, na kwa ajili ya wasiojua kusoma mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kampeni ilitakiwa iendeshwe kwa Kiswahili, bila kutaja kabila, dini wala rangi. Lugha iliyokuwa sharti la mpiga kura mwaka 1960 ikawa sasa sharti la mgombea. Kwa Usukuma maana yake ilikuwa kwamba mtu aliyeomba kura za jirani zake alipaswa kusema nao kwa lugha ya taifa.

Katika jimbo la Mwanza Mashariki Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewaunganisha wakulima penye mizani, alishindwa. Kushindwa kwake kuliitikisa nchi. Si kazi ya makala haya kupima sababu zote, maana mpiga kura hatoi sababu yake anapotumbukiza karatasi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba wapiga kura wale walikuwa watu wale wale waliofundishwa, katika vyama alivyovijenga yeye, kwamba aliyechaguliwa si mwenye cheo daima. Bomani alirudi serikalini kwa uteuzi wa Rais, wala hakuna aliyewaadhibu waliomkataa.

Chuo hicho cha kura hakikudumu. Malalamiko juu ya wizi na upendeleo ndani ya ushirika yaliifanya Serikali iunde kamati ya uchunguzi mwaka 1966, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa katika nchi yote. Makosa yalikuwa ya kweli. Lakini dawa iliyochaguliwa iliondoa, pamoja na wezi, ule mkutano ambamo wezi wangeweza kuulizwa.

Mataifa yarudi

Msaada wa mataifa ulirudi baada ya mfumo wa vyama vingi kuruhusiwa tarehe 1 Julai 1992, kufuatia taarifa ya tume ya Jaji Francis Nyalali. Tangu uchaguzi wa Oktoba 1995 nchi wafadhili na mashirika ya Umoja wa Mataifa yamechangia fedha, vifaa, mafunzo na waangalizi. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda kamati ya kuangalia uchaguzi, TEMCO. Daftari la kudumu la wapiga kura lilianzishwa kuelekea uchaguzi wa 2005, na mwaka 2015 likaandikwa upya kwa alama za vidole. Hakuna awezaye kusema kwamba vitu hivyo ni bure, maana daftari la hakika ni mizani ya hakika.

Lakini wakati Mwanza ilipotumia kura kwa nguvu zaidi katika kipindi hiki, haikuwa kwa sababu ya vifaa peke yake. Mwaka 2010 wapiga kura wa Nyamagana walimwondoa Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, na kumchagua Ezekiel Wenje wa chama cha upinzani, CHADEMA. Ilemela nayo ilikwenda kwa chama hicho. Waziri alikuwa ameangushwa tena mjini pale pale, miaka 45 baada ya Bomani. Kwa upande mwingine, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, waangalizi wa Umoja wa Afrika walitamka kwamba haukutimiza kanuni za Umoja huo. Tamko hilo lina uzito wa ushahidi. Uzito wa amri halina, kama vile taarifa ya mwaka 1954 isivyoweza kuyafungua matawi ya Mwanza.

Basi sehemu ya mataifa katika historia hii yaweza kutajwa bila kuikuza wala kuidharau. Yalitoa sikio, yakatoa kanuni, na baadaye yakatoa vifaa. Kila kimoja kilifaa pale kilipokuta chombo cha wenyeji kilicho hai, ambacho watu wamekilipia na wanaweza kukidai hesabu. Pasipo na chombo hicho vyote vitatu vilibaki karatasini. Kwa mtafiti wa lugha na wa historia kazi iliyo mbele ni ya kukusanya. Kumbukumbu za ujumbe wa Umoja wa Mataifa zimechapishwa na kuhifadhiwa, tena kwa Kiingereza na Kifaransa. Madaftari ya mikutano ya vyama vya msingi vya pamba, yaliyoandikwa na makarani wa vijijini, hayajapata bahati hiyo. Humo, katika maneno ya watu wenyewe juu ya nani amechaguliwa, kwa mikono mingapi, na kwa nini ameondolewa, ndimo yalimo maelezo ya jinsi neno kura lilivyobadilika. Na karatasi huoza.